Mwaka wa kufunza Kiswahili Marekani

KWA miaka mingi, walimu vijana wa Kenya wamekuwa wakienda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kupitia mpango wa Fulbright, ulioasisiwa mwaka wa 1946. Hukaa huko takriban miezi tisa.

Baridi huzoeleka, darasa ndilo lenye mtihani. Mwanafunzi huweza kumwita mwalimu kwa jina lake la kwanza, tena bila dharau yoyote. Mwalimu aliyelelewa kuwaamkia wakubwa hujikuta akifafanua ‘shikamoo’ kwa watu wasio na salamu ya umri. Ngeli nazo, alizozitumia tangu utotoni bila kufikiri, sasa zadai maelezo.

Masomo anayoyachukua huko hayampi shahada. Isitoshe, sheria ya viza humtaka arejee kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu Marekani.