Ratiba Nayo Ina Dini Yake

Mwishoni mwa Mei 2018, Tunisia ilicheza na Ureno mjini Braga, mechi ya kirafiki ya kujipima kabla ya Kombe la Dunia. Ilikuwa Ramadhani. Kipindi cha pili, jua likiwa linazama, kipa Mouez Hassen akajilaza chini kama mtu aliyeumia. Wakati anahudumiwa, wenzake wakakimbilia pembeni kwenye benchi lao, ambako maji na tende vilikuwa tayari. Dakika chache baadaye Tunisia ikasawazisha na mechi ikaisha 2-2. Siku nne baadaye, dhidi ya Uturuki, kipa "akaumia" tena, saa ile ile ya magharibi.

Wengi tulicheka. Lakini kicheko kikiisha, linabaki jambo ambalo halikukaa sawa. Saumu ni ibada ya uaminifu kuliko nyingine zote, maana ukinywa maji chumbani peke yako hakuna akuonaye ila Mungu. Na hapa ibada hiyo ilifunguliwa kwa kumhadaa refa. Simlaumu Hassen, aliyejitolea kwa ajili ya wenzake. Mlango wa halali haukuwapo, ikabidi wapitie dirishani.

Karibu miaka mitatu baadaye, Aprili 2021, mlango huo ulifunguliwa Uingereza. Leicester City na Crystal Palace walikubaliana na refa kabla ya mchezo kuanza. Ilipotimu kama dakika ya 30, kipa wa Palace, Vicente Guaita, aliweka mpira chini bila kuharakisha kuupiga. Beki wa Leicester, Wesley Fofana, akasogea mstari wa pembeni, akafuturu haraka haraka, akarudi kwenye nafasi yake. Hakuna aliyejifanya mgonjwa, wala watazamaji hawakupoteza chochote. Siku hizi utaratibu huo ni wa kawaida katika Ligi Kuu ya England: manahodha na refa wanaelewana, kisha wanasubiri mpira usimame wenyewe.

Hata hivyo, funda la maji halimalizi kazi yote. Mchezaji ana mkataba, klabu inamlipa kwa nguvu za mwili wake, na mwili uliokosa maji mchana kutwa na usingizi uliokatwa na daku si ule ule wa mwezi uliopita. Hapa dini yenyewe ina la kusema. Qurani imempa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kula na kuzilipa siku zake baadaye. Kwa hiyo anayesafiri kwenda mechi ya mbali ana pa kushika. Mtihani uko kwa anayecheza nyumbani, na masheikh hawana kauli moja juu yake.

Ndiyo maana waumini wawili huweza kuamua tofauti bila mmoja kumzidi mwenzake imani. Hakeem Olajuwon alifunga Februari 1995 huku akicheza mpira wa kikapu wa NBA, na mwezi huo huo akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwezi. Moe Sbihi, mpiga makasia wa Uingereza, alikutana na Ramadhani katika Olimpiki ya London 2012, mji ambao jua la mwishoni mwa Julai huzama karibu saa 3 usiku. Yeye aliahirisha saumu, akatoa chakula kwa maskini, akashindana na kupata medali ya shaba.

Ufaransa wana msimamo mwingine. Shirikisho lao la soka limekataa mechi kusimamishwa kwa ajili ya futari, na mwaka 2024 lilikataa pia kubadili ratiba za kambi za timu za taifa. Kijana mmoja wa timu ya chini ya miaka 19 akafungasha virago. Hoja ya shirikisho ni kwamba uwanja hauna dini, na ratiba ni moja kwa wote. Si hoja ya kubeza katika nchi iliyotenganisha dini na dola kwa sheria tangu 1905.

Ila nani alisema ratiba haina dini? Klabu za ligi ya Uingereza hazikucheza mechi za ligi siku ya Jumapili hadi mwaka 1974. Kwa zaidi ya miaka 80, mchezaji Mkristo aliyeishika Jumapili hakuhitaji kuomba ruhusa, kwani kalenda ilikwisha kumwombea. Hakuna aliyeuita huo upendeleo.

Jumapili ilipogeuka siku ya mechi, Wakristo nao wakaanza kuhesabu gharama. Michael Jones wa New Zealand, miongoni mwa wachezaji bora wa raga wa enzi zake, hakucheza siku hiyo. Katika Kombe la Dunia la 1987 alikosa nusu fainali dhidi ya Wales, akarudi fainali Jumamosi, akafunga na kutwaa ubingwa. Mwaka 1991 nusu fainali iliangukia tena Jumapili, na safari hii timu ikafungwa na Australia bila yeye. Wenzake nao wakaionja bei ya msimamo wake. Mwaka 1995 wateuzi wakamwacha kabisa, na kweli robo fainali na nusu fainali za New Zealand zote zilichezwa Jumapili. Sioni dhuluma hapo. Wao walitaka mtu wa kila mechi, na Jones alikuwa amewaambia tangu mwanzo kuwa siku moja ya juma si yao.