Kabla hujafungua laptopu: mbunifu wa Awendo na kazi za Alhamisi usiku

Alhamisi, saa nne usiku, Awendo. Stima imepotea mara mbili tangu jioni. Kwenye WhatsApp umeingia ujumbe wa tatu kutoka kwa mtu wa tatu wa familia ileile: "Nyathina, badilisha tu hiyo picha ya mbele, ni dakika mbili." Mazishi ni Jumamosi, na kijitabu lazima kifike kwa mashine ya kuchapa Ijumaa asubuhi. Mpaka saa hiyo hakuna aliyetuma hata shilingi mia.

Mbunifu tunayemzungumzia ni dada anayejiajiri. Hana ofisi. Ana meza, laptopu na simu, na kazi zake hutoka Awendo, Rongo, Migori na ng'ambo ya mpaka wa kaunti kule Homa Bay. Ametuomba tusimtaje jina kwa sababu nusu ya wateja wake ni majirani. "Mkiandika eti mama fulani hakunilipa, itabidi nihame," alituambia huku akicheka, lakini si kicheko cha utani sana.

Alitutafuta na swali ambalo wateja wetu wengi hutuuliza: kuna apu gani ya kunifanya nifanye kazi haraka? Alikuwa ameshajaribu tatu. Moja ya kupanga orodha, moja ya kuhesabu muda, na nyingine ya kufunga mitandao ya kijamii. Zote zilikaa wiki mbili kwenye simu, kisha akazifuta ili apate nafasi ya picha za wateja.

Sisi tukamwomba kitu kingine kabisa: taarifa yake ya miamala ya mwezi mmoja. Kama unatumia M-Pesa, hiyo unaipata kwenye apu au kwa kupiga *334#. Inakuja kwa barua pepe. Watu wengi huiomba siku wanapotafuta mkopo au viza tu, na hatujui kwa nini, maana hakuna daftari la biashara lililo mwaminifu kuliko hilo.

Tukakaa na kalamu mbili, nyekundu na ya buluu. Buluu, pesa ya kazi. Nyekundu, pesa ya mambo mengine: chama, mama kutuma ya dawa, rafiki kurudisha deni, nauli ya boda. Baada ya kurasa mbili tukakwama. Kuna Sh500 iliyoingia Jumanne jioni. Ya nani? Ya kazi gani? Hakukumbuka. Kuna Sh300 kutoka kwa jina ambalo hajawahi kulisikia. Baadaye tuligundua ni mke wa mweka hazina wa kamati moja ya mazishi, aliyetumia laini yake kwa sababu ya mumewe haikuwa na salio.

Tukachukua kazi moja tukaifuata mpaka mwisho. Kijitabu cha kurasa nane, bei ya kubuni Sh3,000, kuchapa familia wanajilipia. Kuchora na kupanga kulimchukua saa 3. Marekebisho yalimla saa 5, kwa sababu watu watatu walikuwa wakimtumia maagizo yanayopingana. Pesa ilikuja kwa siku tisa: Sh500, Sh1,000, Sh300, kisha kimya. Jumla Sh1,800 kwa saa 8, yaani Sh225 kwa saa, na hapo hatujahesabu simu alizopiga kuulizia. Kama angelipwa zote 3,000 na marekebisho yakaishia saa moja, angepata Sh750 kwa saa. Mkono uleule, laptopu ileile, programu ileile.

Kwa hivyo kasi yake ya kuchora haikuwa na shida. Muda ulikuwa unavuja kwingine.

Nusu kwanza, na jinsi ya kuisema

Tulipomwambia aombe nusu ya malipo kabla ya kufungua laptopu, alikataa kata kata. Huwezi kumwambia mtu aliyefiwa alete pesa kwanza. Wataniona sina utu, alisema. Na tunamwelewa. Huku kwetu mazishi si shughuli ya nyumba moja. Kijiji kizima kiko ndani, na wewe mwenyewe ni mwanakijiji.

Lakini fikiria ni nani mwingine anayehudumia mazishi hayohayo. Mwenye hema anachukua kianzio. Gari la kuutoa mwili mochwari haliwashwi bila mafuta. Seremala wa jeneza halali na deni. Kamati ina bajeti, ina mweka hazina, na mara nyingi ina kundi la WhatsApp ambako michango inasomwa kila jioni. Mbunifu ndiye pekee anayelipwa "tukimaliza", na tukimaliza maana yake Jumapili, wakati pesa yote imeshaliwa na wageni wamepanda magari kurudi Nairobi.

Tuliandika naye ujumbe mmoja mfupi, ambao sasa ameuhifadhi kwenye simu na huutuma bila kuufikiria upya:

"Poleni sana kwa msiba. Kijitabu cha kurasa 8 ni Sh3,000. Nusu ikiingia kwenye Till naanza leo, na rasimu mtaiona kesho saa sita. Naomba jina la mtu mmoja atakayeidhinisha na la atakayelipa."

Pole inatangulia. Bei iko wazi. Halafu hiyo sentensi ya mwisho, ambayo kwa maoni yetu ina thamani kuliko apu zote tatu alizofuta.

Nani anasema "sawa"?

Mtu wa nje anaweza kudhani kijitabu cha mazishi ni picha na maua. Mbunifu yeyote wa Migori anajua hatari iko kwenye ukurasa wa majina. Katika boma la wake wengi, mikayi, mke wa kwanza, anatangulia, kisha nyachira, kisha reru. Watoto wanafuata nyumba zao. Ukimweka mtoto wa nyumba ya tatu juu ya wa nyumba ya pili kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri zaidi, umezua kesi ambayo wazee wataikalia kikao.

Ilimpata. Nakala 200 zilikuwa zimeshachapwa, mjukuu mmoja ameachwa na nyumba mbili zimebadilishana nafasi. Familia ikasema kosa ni la mbunifu. Yeye akasema aliletewa majina hivyohivyo kwa simu. Nani angethibitisha? Alichapa upya kwa pesa yake, tena kwa mkopo wa simu. Sisi tuko kwenye biashara hii ya pesa, na bado tunakuambia: mkopo wa siku chache wa kuziba kosa la kazi ni ghali, na ada zake zinakuja kukata pesa ya kazi inayofuata kabla hujaigusa.

Siku hizi ukurasa wa majina anautuma peke yake, kabla ya kitu kingine chochote. Anaomba mzee mmoja ausome kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani, kisha mwidhinishaji ajibu kwa maandishi: "Majina ni sawa." Simu ya mdomo haihesabiki. Majina yenyewe anataka yachapwe kwenye ujumbe, hapokei picha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, kwa sababu hapo ndipo Atieno anageuka Akeyo. Na kuna jambo dogo ambalo wabunifu wa Nairobi wakati mwingine hawalioni: ile alama ya ng' katika majina kama Ong'ondo. Fonti nyingine huifanya kituko, au programu inaigeuza alama ya kufungua nukuu. Yeye hutafuta kila ng' kwenye faili nzima kabla ya kutuma. Dakika moja, basi.

Marekebisho mawili ni bure. La tatu ni Sh300. Tangu aandike hivyo, la tatu halijaombwa mara nyingi.

Rasimu hutoka kama picha hafifu iliyoandikwa RASIMU katikati. PDF ya kuchapa hutoka salio likiingia. Hapo ndipo tunapokukumbusha jambo ambalo hatuchoki kulisema: ujumbe unaofanana na wa malipo si malipo. Usiangalie simu ya mteja, wala picha ya skrini aliyokutumia. Angalia salio lako mwenyewe, au orodha ya miamala ya Till. Saa nne usiku, ukiwa umechoka na mtu anakuambia gari linaondoka, ndipo watu huibiwa. Na akija mtu kusema alikutumia kwa makosa, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie aombe marejesho kwa mtoa huduma. Kwa M-Pesa, hutuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456.

Pesa ya kazi ilale kwake

Till, Pochi la Biashara, au hata laini ya pili ya kawaida: chagua moja, lakini pesa ya kazi isikutane na ya chama. Pochi hukaa kwenye laini uliyonayo tayari, ila salio lake liko kando na lako binafsi. Alichagua Till, akaweka namba yake kwenye kila rasimu. Kila Ijumaa jioni anajilipa: anahamisha kiasi kilekile kwenda laini yake binafsi, na kinachobaki ni cha bando, umeme na vifaa. Sasa taarifa yake ya mwezi haihitaji kalamu mbili.

Wateja wa ofisi na shule ni habari nyingine. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliki kwenye hesabu ya kodi ya biashara, kwa hivyo mhasibu atakuuliza ankara hata kwa nembo ya Sh5,000. Jisajili kabla hajauliza.

Kuhusu programu zenyewe, hatutachukua muda mwingi. Canva ya bure inatosha kwa kadi na mabango ya mtandaoni, na inafanya kazi hata kwa simu stima ikipotea. Inkscape na GIMP ni za bure kabisa, ukiwa na uvumilivu wa kuzijifunza. Illustrator ni nzuri lakini ada yake inakuja mwezi ukiwa na kazi na mwezi usio na kazi. Nakala za wizi zinazouzwa kwa fleshi, yeye alishaachana nazo baada ya moja kuja na kirusi kilichokula kazi za muhula mzima wa shule moja. Kilichompunguzia saa kweli ni violezo: alitenga siku mbili akatengeneza kijitabu kitupu cha kurasa nne na kingine cha nane, fonti zimepangwa, nafasi za picha zimewekwa. Zile saa 3 zimekuwa saa moja na robo. Faili zote zina nakala kwenye Google Drive, ambayo hutoa GB 15 bila malipo.

Mbinu ya nyanya nayo aliijaribu, ile ya dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, aliyoibuni Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Haikudumu. Cirillo hakuwa na jirani anayebisha hodi na fleshi mkononi. Kilichofaa ni kuangalia wiki ya huku ilivyo. Jumatano hadi Ijumaa ni ya misiba, hakuna haja ya kujidanganya. Kwa hivyo nembo na kazi za wateja wa mbali anazifanya Jumatatu na Jumanne, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, simu ikiwa chumba kingine.

Kisha kuna miwa. Huu ni mji wa Sony (ile ya sukari, si ya redio), na muwa hukaa shambani zaidi ya mwaka kabla ya kuvunwa. Mteja akikuambia atalipa pesa ya miwa ikitoka, pengine anasema kweli tupu, ila tarehe haiko mkononi mwake. Dada yetu hukubali, lakini kwa sharti: nusu ya kwanza bado inakuja leo, na salio linaandikwa na tarehe kwenye WhatsApp. Wagombea wa siasa hawapati hata hilo. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, mabango yameanza kuulizwa, na kwao ni pesa yote kabla. Aliyeshindwa hapokei simu. Aliyeshinda naye ana namba mpya.

Tulimpigia tena Alhamisi iliyopita, saa tatu na nusu usiku. Alikuwa ameshamaliza. Vijitabu viwili vilikuwa vimelipiwa na kutumwa, kimoja kikisubiri "majina ni sawa" kutoka kwa mzee aliyekwenda kulala mapema. Kazi moja tu wiki hiyo aliianza bila nusu, nayo ni ya mjomba wake, kadi za harusi ya binti yake. Tulimuuliza kama ule ujumbe alimtumia.

"Nilimtumia," alisema. "Amesoma. Ameweka alama ya kidole gumba."