Simu yako na michoro ya Kolo: piga picha, usimwage maji

Wasikilizaji wetu wa Kondoa, Babati na vijiji vya jirani mmekuwa mkitutumia picha za michoro ya miambani kwa WhatsApp, na swali linalorudi ni lile lile: mbona kwa macho mchoro unaonekana vizuri, lakini kwenye simu unakuwa doa tu jekundu? Wengine mnauliza kama ni kweli ukiumwagia maji unang'aa. Ni kweli, unang'aa. Ndiyo maana tumeona tuandike.

Kwa msikilizaji aliye mbali, michoro hii iko kwenye miamba ya milima ya Kondoa, mkoani Dodoma, na mingi inayotembelewa iko karibu na kijiji cha Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa kwenye barabara ya kwenda Babati. Kuna watu, twiga, tembo na swala waliochorwa kwa rangi nyekundu, na michoro mingine ya rangi nyeupe ambayo ni ya baadaye. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia.

Rangi nyekundu ilitokana na udongo wenye madini ya chuma. Imedumu maelfu ya miaka hasa kwa sababu mwamba umeinama juu yake kama paa na mvua haiifikii. Sasa fikiria mtu anakuja na chupa ya maji kufanya kazi ambayo mvua imeshindwa kuifanya muda wote huo.

Mwamba mkavu una vishimo vidogo visivyoonekana, vinavyotawanya mwanga kila upande, hivyo rangi huonekana imefifia. Maji yakivijaza, mwanga hautawanyiki sana na wekundu unajitokeza, kama shati la kaki linavyokolea likiloa. Shida huanza maji yanapokauka. Huyeyusha chumvi zilizomo kwenye jiwe na kuzivuta hadi juu, kisha zinabaki kama utando mweupe, mfano wa ule unaoganda ndani ya sufuria ya kuchemshia maji ya kisima. Wageni kumi wakimwaga maji mwaka huu na kumi mwakani, utando unaufunika mchoro, na ukijaribu kuusugua unaondoka na rangi yenyewe. Kupitisha chaki au mkaa pembezoni mwa mchoro ili uonekane ni kosa la namna hiyo hiyo. Hata vumbi linalotimuliwa na miguu hupanda na kukaa kwenye picha, kwa hiyo tembea taratibu.

Dawa ni mwanga, na mwanga ni bure. Usipige wakati jua limegonga nusu ya mwamba na nusu iko kivulini, simu itachanganyikiwa. Subiri mwamba wote uwe kivulini, au nenda siku ya mawingu. Zima taa ya kamera kwa sababu huleta mng'ao mweupe katikati ya picha. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi (simu nyingi za shamba kioo chake kina mafuta ya mikono, tuseme ukweli) na uishike simu ikitazamana sawasawa na mwamba, bila kuilaza upande. Usivute picha kwa vidole; sogea wewe, ila usiguse. Piga moja ya mbali inayoonyesha mwamba mzima, moja ya wastani, na moja ya karibu. Mwenzako akishika rula pembeni bila kuigusisha kwenye jiwe, mtazamaji atajua yule twiga ana urefu wa kiganja au wa mkono mzima.

Ukifika nyumbani, fungua sehemu ya kuhariri picha na uongeze ukolevu wa rangi. Utashangaa. Watafiti hutumia programu iitwayo DStretch, iliyotengenezwa na Mmarekani Jon Harman, inayotenganisha rangi zinazokaribiana hadi mchoro usioonekana kwa macho ukatokea. Hakuna hata tone la maji lililotumika. Picha ya asili itunze bila kuihariri, na uandike tarehe.

Tarehe ina kazi yake. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa Kondoa akinakili michoro kwa mkono. Kitabu chake cha mwaka 1983 kinaitwa Africa's Vanishing Art, yaani sanaa ya Afrika inayotoweka. Nakala zake leo ni kipimo cha kuonyesha kilichokuwapo na kilichofutika. Mtafiti huja na kuondoka. Kijana wa Kolo mwenye simu anaweza kusimama mahali pale pale kila mwaka na kupiga picha ile ile.

Kuna hatari moja ambayo wengi hawaifikirii. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Sehemu mbalimbali za nchi yetu watu wamechimba chini ya miamba ya michoro wakiamini Wajerumani walificha mali huko, na wameharibu udongo wenye mabaki ya watu wa kale. Ukigundua mwamba usio na mlinzi, usitangaze mahali ulipo. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa za mahali huondolewa, lakini ukiituma kama dokumenti zinabaki.

Mungomi wa Kolo pia si jumba la maonyesho tu. Warangi hufanya matambiko ya mvua na uponyaji pale, na mila hizo hai ni sehemu ya sababu UNESCO ilipakubali. Wengine hunyunyizia mwamba pombe wakati wa tambiko, na wahifadhi na wazee wana mazungumzo yao kuhusu hilo; sisi hatuoni kama ni la mgeni mwenye kamera kuliamua. Ukiwakuta wazee kazini, weka simu mfukoni, waamkie, usubiri. Wakikukatalia picha, basi.

Kabla ya kupanda mlimani pitia kwanza ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, ujiandikishe na upewe mwongozaji. Ukiona mwamba umechimbwa au umeandikwa majina, piga picha kabla hujagusa chochote, uipeleke kwenye ofisi hiyo au kwa mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo.