Amana Iliyo Chini ya Gari

Katika viungo vyote vya gari la mwendo wa kasi, hakuna kilicho kinyonge kama difu ya nyuma. Kwani injini ina taa yake ya kuonya na kijiti chake cha kupimia oili, na breki zikichakaa hulia, lakini difu, iliyotundikwa baina ya magurudumu mawili ya nyuma, haina taa wala kijiti, na aghalabu haitoi mlio mpaka meno yake yamekwisha kulika na matengenezo yamekuwa ghali. Kiungo cha namna hiyo hakina himaya isipokuwa dhamiri ya mwenye gari.

Gari ninalolikusudia ni Toyota 86 la otomatiki, lililoanza kuundwa mwaka 2012 katika kiwanda cha Subaru kule Gunma, Japani. Langu lilinifikia likiwa limekwisha kutumika, rangi yake iking'aa na nyaraka zake zikiwa kamili, wala hapakuwa na karatasi hata moja ya kunieleza ni lini difu ilitiwa oili mpya. Wengi wenye magari ya otomatiki hudhani kwamba wakishabadilisha oili ya giaboksi wamemaliza deni, na dhana hiyo ina asili yake. Katika magari madogo mengi yavutwayo kwa magurudumu ya mbele, difu imo ndani ya giaboksi yenyewe. Katika gari lisukumwalo kwa magurudumu ya nyuma mambo ni mbali: giaboksi iko mbele, difu iko nyuma, propela shafti ndiyo iliyoziunganisha, na kila moja ina oili yake.

Kazi ya difu ni kuyawezesha magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa mwendo usio sawa, kwa sababu gari likikata kona, gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliitumia hikima hiyo katika gari la mvuke mnamo mwaka 1827. Katika difu nyingi za nyuma za zama zetu, pinioni, ile gia ndogo, huwekwa chini ya kitovu cha krauni, ile gia kubwa, hata meno yake yakawa yanakutana kwa kusuguana na kuteleza chini ya mgandamizo mkubwa. Na ndiyo maana oili yake hutiwa dawa zenye salfa zinazoushika uso wa chuma, nazo ndizo zinazoipa ile harufu yake nzito isiyotoka mikononi upesi. Gari hili hutaka 75W-85 ya daraja la GL-5, kiasi cha lita 1.15. Ile oili nyekundu ya giaboksi ya otomatiki, hata iwe bora namna gani, haikukusudiwa kazi hii.

Kabla ya spana kuguswa, pana hadhari moja ambayo ningependa kila mwenye gari la otomatiki aihifadhi. Gia ikiwa kwenye P, kinachofungwa ni shafti itokayo katika giaboksi, si magurudumu yenyewe. Basi ukilinyanyua gurudumu moja la nyuma, lile lililobaki chini laweza kubingirika huku mwenziwe wa juu akizunguka kinyumenyume, na gari likaanguka kutoka juu ya jeki ilhali mwenyewe ameamini kuwa limefungwa. Kwa hiyo hendibreki ivutwe, kabari zitiwe kwenye magurudumu yaliyo chini, na asiingie mtu uvunguni mpaka gari limekaa juu ya stendi madhubuti.

Jumamosi moja, baada ya kuliendesha kilomita chache ili oili ipate joto na wepesi wa kutoka, nililiweka juu ya stendi nne kwenye sakafu ya saruji, likae sawasawa mbele na nyuma; maana kipimo cha oili ya difu ni mdomo wa tundu la kujazia, na gari lililoinama hutoa kipimo cha uongo. Nikangoja ekzosi ipoe, kisha nikashika alenki nikaanza na nati ya juu, ile ya kujazia. Utaratibu huu nilifunzwa na hasara: miaka mingi nyuma, gereji moja ilimwaga kwanza oili ya gari langu la awali, ndipo ikagundua kuwa nati ya kujazia imeshikwa na kutu, na gari likalala siku tatu difu ikiwa kavu.

Oili ya zamani ilitoka nyeusi. Nchani mwa nati ya chini palikuwa na sumaku, na juu ya sumaku uji wa kijivu, laini kama wanja. Nikausugua baina ya vidole viwili, nisisikie chembe. Nikashusha pumzi, kwa kuwa uji huo ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma vingekuwa habari za jino lililovunjika, na oili yenye rangi ya maziwa ingekuwa ushahidi wa maji, jambo linaloweza kulipata gari lililovuka mafuriko. Nikaisafisha sumaku, nikatia washa mpya, nikakaza kwa kadiri kitabu cha gari kilivyoagiza, nikasukuma oili mpya ndani kwa bomba la mkono hadi ikaanza kudondoka mdomoni mwa tundu, nikafunga.

Oili chafu niliitia katika makopo yaliyokuwa na oili mpya ili niipeleke kwa wakusanyao oili chakavu. Kuimwaga uani ni kuwadhulumu majirani wanywao maji ya visima.

Kazi yote haikuzidi asubuhi moja. Mwisho, mikono ikiwa bado inanuka salfa, nilichukua karatasi nikaandika tarehe, kilomita zilizosomeka na aina ya oili, nikaitia pamoja na nyaraka za gari. Mimi sikuikuta karatasi kama hiyo. Atakayelipokea gari hili baada yangu ataikuta.