Chupa ya matunda haifungwi na mkono, hufungwa na moto

Na Mwandishi Wetu, Kobero

KABLA hajafika kwa maofisa wa forodha, mama huyo alishajua kwamba biashara imeharibika. Maji ya sukari yalikuwa yanachuruzika kutoka chini ya boksi, yanalowanisha kanga aliyofungia mzigo, na nyuki walikuwa wameshapata habari.

Alishusha boksi kando ya barabara, hatua chache kabla ya kituo cha mpaka, akaanza kutoa chupa moja moja. Kati ya chupa 24 za maembe alizobeba kutoka upande wa Ngara, Tanzania, chupa 9 zilikuwa zinatoa povu mdomoni. Vifuniko vya nyingine 4 vilikuwa vimetuna kama tumbo la chura. Kumi na moja zilizobaki zilionekana nzima, naye hakujua kama aziuze au azimwage.

Ni mmoja wa waliorejea Burundi kutoka kambi za mkoa wa Kigoma baada ya mwaka 2017, safari za kurudi kwa hiari zilipoanza tena. Kule kambini ndiko alikojifunza kupika maembe kwa sukari na kuyatia chupani. Sasa anafanya biashara ndogo ya kuvuka mpaka wa Kobero na Kabanga, kama wanavyofanya akina mama wengi wa Muyinga. Mtaji wake wote wa wiki mbili ulikuwa ndani ya boksi lile.

Nilimuuliza alizifunga vipi. Alinionyesha kwa vitendo: maembe yakiiva jikoni, huyamimina chupani mpaka juu kabisa, hufunika, kisha hushika kifuniko kwa kitambaa na kukisokota kwa nguvu zake zote. Chupa mbili tatu alimwomba kaka yake amkazie, kwa kuwa mkono wa mwanamume una nguvu zaidi.

Hapo ndipo penye kosa, na si lake peke yake. Wengi wetu tunaamini kwamba chupa ikikazwa sana, hewa haipiti. Ukweli ni kwamba hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuifunga chupa ya matunda ikakaa mwaka mzima. Anayeifunga ni moto, halafu ubaridi unaofuata baada ya moto.

Jambo lenyewe si gumu. Chupa iliyojazwa matunda ya moto inapochemshwa ndani ya sufuria ya maji, hewa iliyobaki juu ya matunda hupanuka na kusukumwa nje na mvuke, ikipenya chini ya kifuniko. Chupa ikitolewa na kupoa, ule mvuke hugeuka maji tena. Pale juu panabaki nafasi karibu tupu, ambayo wataalamu huiita ombwe. Hewa ya nje hukikandamiza kifuniko, nao mpira laini ulio chini yake, ambao ulishalainishwa na joto, hujibana kwenye mdomo wa chupa na kuziba kila mwanya.

Nguvu hiyo si ndogo. Kifuniko chenye upana wa sentimita 6, kama cha chupa za kawaida za jemu, hata kama hewa iliyoondoka ni nusu tu, hukandamizwa kwa uzito unaozidi kilo 10. Kaka wa mama yule hana mkono wa namna hiyo, tena wa kukaza usiku na mchana bila kuchoka.

Aliyegundua njia hii alikuwa mpishi wa vitu vitamu huko Ufaransa, Nicolas Appert. Alianza majaribio yake miaka ya 1790, akitumia chupa za kioo alizoziba kwa kizibo cha gome, akazifunga kwa waya na kuzichemsha. Mwaka 1810 serikali ya nchi yake ilimpa zawadi ya faranga 12,000 kwa sharti kwamba aandike kitabu na kuwaeleza watu wote. Cha ajabu ni kwamba Appert mwenyewe hakujua kwa nini chakula chake hakiozi. Alidhani adui ni hewa. Ilichukua karibu nusu karne mpaka Louis Pasteur aonyeshe kwamba adui ni vijidudu, na kwamba kazi ya kifuniko ni kuzuia vingine visiingie baada ya vile vya ndani kuuawa na moto. Mwaka 1858 fundi wa mabati wa Marekani, John Landis Mason, alipata hataza ya chupa ya kioo yenye kifuniko cha kusokota, na kuanzia hapo kazi hii ikahamia jikoni kwa akina mama.

Turudi sokoni. Chupa nyingi tunazotumia huku ni zile zilizokwisha kutumika, za jemu au za mayonezi. Chupa yenyewe haina tatizo, mradi mdomo wake haujamenyeka. Pitisha kidole taratibu; ukihisi hata kijino kidogo, iweke chumvi au maharage, usiitie matunda. Tatizo liko kwenye kifuniko. Ukikigeuza utaona duara la utando laini unaofanana na mpira. Utando huo ukishatumika mara moja hubaki na alama ya mdomo wa chupa ya kwanza, na si rahisi ushike vizuri mara ya pili. Watengenezaji huvikusudia vifuniko hivyo vitumike mara moja tu. Mama yule alikuwa anatumia vyake kwa msimu wa tatu.

Wale wenye ndugu Ulaya huletewa wakati mwingine chupa za Weck au Kilner, zenye mpira wa duara unaonunuliwa peke yake. Hizo ni nzuri, kwani kinachobadilishwa ni mpira tu. Lakini mpira uliokauka na kupasuka ukiukunja haufai, hata kama chupa ni ya gharama kiasi gani.

Sasa kazi yenyewe. Osha chupa, uziache ndani ya maji ya moto mpaka dakika ya kuzijaza, kwa sababu chupa baridi ikikutana na matunda yanayochemka hupasuka. Jaza matunda ya moto pamoja na maji yake ya sukari, lakini usifike juu. Acha nafasi ya upana wa kidole kwa vipande vya matunda. Kwa jemu, nusu ya hapo inatosha. Mama yule alijaza mpaka ukingoni akidhani anaibana hewa isipate mahali. Kilichotokea ni kwamba matunda yalipanuka, yakapanda mpaka kwenye mpira wa kifuniko, na uzi mmoja wa embe ukalala pale katikati. Uzi mmoja unatosha kuharibu chupa nzima.

Pitisha kijiti cha mwanzi kandokando ya chupa kutoa mapovu. Pangusa mdomo kwa kitambaa safi chenye maji ya moto. Weka kifuniko na ukikaze kwa ncha za vidole tu, mpaka kigome chenyewe. Ukikikaza kwa nguvu, hewa ya ndani haitapata pa kutokea.

Sufuria iwe na kitambaa kinene au vijiti chini, chupa zisikae juu ya chuma kilichoshika moto. Maji yazifunike chupa kwa vidole viwili juu ya vifuniko. Anza kuhesabu dakika maji yanapochemka kwa nguvu, si wakati unapoweka chupa.

Dakika ngapi? Hapa ndipo watu wa milimani wanapopunjwa na mapishi yaliyoandikwa pwani. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Bujumbura, kwenye karibu mita 800, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Huku Muyinga, ambako tumepita mita 1,500, ni kama nyuzi 95 tu. Maji yanarukaruka vilevile, mvuke ni uleule, lakini joto lake ni dogo zaidi, kwa hiyo lazima muda uongezwe. Vipande vya nanasi vilivyotiwa moto ndani ya chupa ya nusu lita huhitaji dakika 15 pwani, dakika 20 kuanzia mita 300 hadi 1,800, na dakika 25 juu ya hapo. Jemu kwenye chupa ya robo lita huhitaji dakika 5 pwani, 10 huku kwetu, na 15 kwenye vilele. Mwenye shaka juu ya mwinuko wa kijiji chake achukue muda mrefu zaidi. Kuni za dakika tano si hasara.

Zikitoka, zipange juu ya kitambaa mahali pasipo na upepo, ziache saa 12 hadi 24. Usizishike, usizipindue kichwa chini kama wafanyavyo wengine, na zaidi ya yote usikikaze tena kifuniko. Wengi huharibu kazi yao hapo: chupa imeshaanza kujinyonya, mtu anakuja na kitambaa chake kukaza, anaukata ule mpira ambao ulikuwa umeshalala mahali pake. Ukiwa jikoni utasikia vifuniko vikilia tiki, kimoja baada ya kingine, vikivutwa chini. Kesho yake bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kisipocheza, kimeshika. Kikibonyea na kurudi juu, matunda hayo ni ya kula siku hiyohiyo nyumbani.

Nilitamani kuishia hapa, lakini liko jambo ambalo wachuuzi hawaambiwi mara nyingi, nalo ni kubwa kuliko hasara ya fedha.

Kuna kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum ambacho huishi udongoni. Mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka. Nacho, tofauti na vingine, hupenda mahali pasipo na hewa. Maana yake ni kwamba chupa iliyozibwa vizuri kabisa inaweza kuwa ndiyo nyumba yake nzuri kuliko zote. Sumu yake huanza kwa mtu kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito na koo kukataa kumeza, kisha huzuia pumzi. Chakula chenye sumu hiyo huweza kuonekana kizuri na kunukia vizuri. Anayepata dalili hizo baada ya kula chakula cha chupa akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Kinachokizuia kijidudu hicho ni uchachu. Kwenye kipimo cha pH, chakula kilicho chini ya 4.6 kina uchachu wa kutosha. Nanasi na marakuja, ambayo jirani zetu wa Ngara huyaita pasheni, yako salama chini ya hapo. Papai, ndizi, parachichi na tikiti hayafai kwa njia hii ya sufuria. Nyama, maharage na mboga ndiyo kabisa; hizo zinataka mtambo wa kupikia kwa mgandamizo, unaofikisha joto kwenye nyuzi zaidi ya 115.

Na embe? Embe ni tunda lenye sura mbili. Likiwa bichi na gumu ni chachu, na likiongezwa maji ya limau linafaa kutiwa chupani kwa muda uleule wa nanasi. Likishaiva na kuwa tamu, uchachu wake unaweza kupita ile alama ya hatari. Sukari uliyoiongeza haiondoi hatari hiyo, maana inabadilisha ladha tu, haileti uchachu. Kwa hiyo yale maembe mekundu yanayodondoka yenyewe, ambayo wachuuzi huyapata kwa bei ya kutupa, ndiyo yasiyofaa. Hayo kausha juani, au uza upesi.

Kuhusu kuvuka, wasomaji wetu wanafahamu cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotolewa palepale mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Kimarekani. Cheti hicho kinahusu ushuru tu. Hakimwondolei mtu masharti ya afya na viwango, na chupa isiyo na karatasi inayoonyesha kilichomo, aliyetengeneza na tarehe huzuiliwa mara nyingi kuliko tenga la matunda mabichi. Ukiwa na chupa chache, anza kwanza kuuliza kwa maofisa wa viwango kabla ya kuwasha moto.

Pale Kobero, nilibonyeza vifuniko vya zile chupa 11 pamoja na mama yule. Vitatu vilikuwa vimeshika kweli. Aliniangalia, nami nikamwuliza maembe yalikuwa mabichi au yaliyoiva, na kama alitia limau. Yalikuwa yameiva, na limau hakutia. Wala hakuzichemsha chupa baada ya kuzijaza.

Alinyamaza kidogo, kisha akaomba jembe kwa muuza mahindi ya kuchoma. Tulichimba shimo nyuma ya vibanda, mbali na mbuzi, akamwaga chupa zote 24, zile tatu zikiwa za mwisho. Vifuniko alivitupa humohumo na kufukia. Chupa tupu alizirudisha kwenye boksi, akalifunga kwa kanga ileile, akaenda kuulizia ni nani Muyinga mjini anayeuza vifuniko vipya, na kama anauza kwa rejareja.