Golf 7 Yenye Turbo: Injini Ndogo, Gia Zenye Masharti

Mtu aliyezoea Toyota IST akisoma karatasi ya Golf ya cc 1,200 ataona kama anapunjwa. Injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,500 iliyofungwa kwenye IST nyingi mno za mitaani kwetu, inatoa nguvu za farasi 109. Ya Golf inatoa 105, na gari lenyewe limezidi IST kwa takriban kilo 200. Kwa hesabu hiyo Golf ingepaswa kuwa gari goigoi. Ukiiendesha unakuta si goigoi hata kidogo, hasa barabara inapoanza kupanda.

Kinachokosekana kwenye hesabu hiyo ni torki, yaani nguvu ya msokoto ambayo injini inaupatia mhimili wake. Farasi 109 wa IST wanapatikana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mahali ambapo wenye magari wengi hawafiki kwa mwaka mzima kwa sababu kelele inawatisha. Torki yake ya juu ni nyutoni-mita 141, nayo inakuja kwenye mizunguko 4,200. Golf ya cc 1,200 inatoa nyutoni-mita 175 kuanzia mizunguko 1,400, na inabaki nazo hadi 4,000. Kwa hiyo nguvu iko pale pale unapoihitaji: ukiwa na abiria wanne na mizigo, unataka kulipita lori, mguu ukiwa umegusa mafuta kidogo tu.

Golf ninayoizungumzia ni ya kizazi cha saba, iliyozinduliwa Berlin mwezi Septemba 2012 na kufanyiwa maboresho 2017. Ni gari la familia la milango mitano, mlango wa nyuma ukifunguka pamoja na kioo, urefu wake karibu mita 4.26, na buti lake ni lita 380. Katika msimu wa 2013–2014 ilikuwa gari la kwanza la kigeni kushinda tuzo ya Gari la Mwaka la Japani, tuzo iliyoanza 1980. Wajapani waliinunua kwa wingi, na ndiyo maana zinazofika bandari za Mombasa na Dar es Salaam zikiwa zimetumika, mara nyingi zina redio inayozungumza Kijapani. Matoleo ya Trendline na Comfortline yana injini ya cc 1,200. Highline ina cc 1,400 yenye farasi 140 na nyutoni-mita 250, ambazo huanza mizunguko 1,500. Toyota Auris ya cc 1,800 ya miaka hiyo hiyo ina farasi karibu sawa, 143, lakini torki yake ni 173 na unaifuata juu, kwenye 4,000.

Turbo inafanyaje kazi hiyo? Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe pistoni inaposhuka, na haiwezi kuvuta zaidi ya inayosukumwa na uzito wa anga. Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka kuelekea ekzosi, nyingine inashindilia hewa safi ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, petroli inaongezwa, na mlipuko unakuwa mkubwa. Feni za turbo ndogo kama hii zinaweza kupita mizunguko 200,000 kwa dakika. Kwa kuwa ni ndogo, moshi kidogo tu unatosha kuziamsha, na hapo ndipo torki ya mapema inapotoka. Gharama yake iko juu: ukipita mizunguko 5,000 injini hizi huishiwa pumzi, na hakuna faida ya kuzilazimisha.

Sasa twende milimani, maana hapo turbo ina faida ambayo vipeperushi vya Ulaya havina sababu ya kuitaja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, Mbeya karibu mita 1,700, na barabara ya Eldoret pale Timboroa inapita mita 2,700. Kwenye mita 1,700 hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 15, na injini ya kawaida inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Farasi 109 wa pwani wanakuwa kama 93 wakifika Mbeya. Kwenye injini yenye turbo, kompyuta inapima shinikizo la hewa inayoingia na kuiamuru feni izunguke kasi zaidi hadi kiwango kilichotakiwa kifikiwe. Sehemu kubwa ya kilichopotea inarudi. Haiji bure, kwa kuwa turbo inafanya kazi ya ziada na kupata joto zaidi, na ule muda mfupi kabla haijaamka unakuwa mrefu kidogo. Golf ya cc 1,200 ikiwa Limuru, ukitoka kwenye mataa, nusu sekunde ya kwanza utaiona imelegea. Baada ya hapo inakwenda kama iko Bagamoyo.

Injini ya Highline ina ufundi mwingine unaostahili kutajwa. Ukiwa kwenye mwendo tulivu, inazima silinda mbili za katikati na kusafiri na mbili zilizobaki. Ukikanyaga mafuta zinarudi zote bila mshtuko, na pengine usingejua kama si maandishi madogo kwenye dashibodi. Kiwanda kilitangaza matumizi ya lita 4.7 kwa kilomita 100. Usiitarajie namba hiyo, kwani ilipatikana kwenye vipimo vya maabara vya wakati ule, si kwenye foleni ya Mwenge au Thika Road.

Barabarani Golf ina tabia ya utulivu. Usukani ni mwepesi mjini na unakaza taratibu mwendo ukiongezeka, milango inafunga kwa kishindo kizito, na kwenye kilomita 100 kwa saa unaongea na mtu wa kiti cha nyuma bila kupaza sauti. Kati ya cc 1,200 na 1,400 kuna tofauti ambayo wauzaji hawaisemi: Highline ina saspensheni ya nyuma ambamo kila tairi linajitegemea, zile nyingine zina boriti moja inayounganisha matairi mawili ya nyuma. Ukipiga shimo upande mmoja kwenye kona, Highline inatulia haraka zaidi. Lakini pia Highline ya Japani inakuja na matairi membamba ya kimo, 225/45 ya rimu 17, na kwa barabara zetu ningechagua 205/55 ya rimu 16 bila kujiuliza mara mbili. Matuta ya vijijini yanahitaji subira, kwa sababu gari liko chini.

Tatizo, kama lipo, liko kwenye gia. Injini zote mbili zimefungwa gia ya DSG ya spidi saba, na wengi wanaichukulia kuwa otomatiki ya kawaida. Siyo. Ndani yake ni gia za manyuali zenye klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta: klachi moja inashika gia ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, nyingine inashika zilizobaki pamoja na rivasi. Gia inayofuata inakuwa imeshaandaliwa kabla ya kuhitajika, hivyo mabadiliko ni ya kufumba na kufumbua. Ukiwa barabara kuu ni raha tupu.

Klachi zenyewe ni kavu. Haziogelei ndani ya oili ya kuzipoza, zinategemea hewa. Ukitambaa kwenye foleni kwa hatua mojamoja, klachi inasuguana nusu imeshika nusu imeachia, sawasawa na dereva wa daladala anayeshikilia gari mlimani kwa klachi. Joto linapanda, klachi inalika, na baada ya muda gari linaanza kutetemeka likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Halafu kuna ubongo wa gia, kile kifaa ambacho mafundi wanakiita mekatroniki, kinachounganisha kompyuta na pampu ya oili inayosukuma klachi. Mwezi Novemba 2013 Volkswagen iliita magari milioni 1.6 duniani yenye gia hii ili kubadilisha oili ya sintetiki na kuweka ya madini, kwa sababu ile ya kwanza iliweza kuleta hitilafu ya umeme kwenye joto na unyevu mwingi, hasa kwa magari ya kusimama na kuondoka. Joto, unyevu na foleni: anayeishi Dar es Salaam au Mombasa ana vyote vitatu.

Je, uikimbie? Sioni hivyo, ila uendeshe ukijua uko na nini. Kwenye foleni acha nafasi ya gari mbili mbele yako, kisha uondoke kwa mwendo unaoiruhusu klachi ishike kabisa. Usilizuie gari mlimani kwa kukanyaga mafuta, kanyaga breki. Kama uko nyuma ya lori linalopanda Kitonga kwa mwendo wa konokono, subiri lipate umbali kwanza ndipo ulifuate. Wenye haraka nyuma yako watapiga honi, waache wapige.

Injini inadai machache. Familia hii ya injini iliacha mnyororo wa taiming na kutumia mkanda. Hilo lilikuwa jambo jema, kwa kuwa jina baya la "TSI", nembo ya injini hizi za turbo, miongoni mwa mafundi wa Afrika Mashariki lilitokana na kizazi kilichotangulia, hasa Golf 5 zenye turbo na supachaja pamoja, ambazo baadhi zilirefusha mnyororo na kupasua pistoni. Watu wengi bado wanaihukumu Golf 7 kwa makosa ya mwenzake. Tumia oili yenye kibali cha VW 502 00 au 504 00, kiwango kilichoandikwa kwenye kopo, na kwa vumbi letu usisubiri kilomita 15,000; badilisha kwenye 7,500 au 10,000. Petroli inachomwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti kwenye vali za kuingiza hewa na kuzisafisha. Masizi hujijenga pale polepole, na baada ya miaka kadhaa huhitaji kusafishwa. Ushauri wa kuacha injini ikinguruma dakika tano kabla ya kuzima una mantiki kwa turbo za zamani. Hii ina pampu ya umeme inayoendelea kuzungusha maji baada ya kuzima. Ukisikia mvumo mdogo ukiwa umeshatoa ufunguo, usiite fundi.

Kuhusu ushuru: Kenya hutoza kidogo kwa injini isiyozidi cc 1,500, kwa hiyo Highline inalipiwa kama gari dogo ilhali ina torki ya gari kubwa. Kenya pia haipokei gari lililozidi miaka minane, wakati Tanzania inalipokea lakini inaongeza ushuru wa uchakavu.

Kwa anayeishi milimani au anayesafiri mikoani mara kwa mara, Highline ya 2017 na kuendelea ndiyo ningeitafuta. Cc 1,200 inamtosha mtu wa mjini. Kabla ya kulipa, liwashe gari likiwa baridi, panda nalo mwinuko kwa rivasi polepole, kisha liondoe mbele na kulisimamisha mara kadhaa mfululizo. Likitetemeka au likisita kushika, omba lipimwe kwa kompyuta inayosoma gia, si injini peke yake. Na kama mjini kwako hakuna fundi aliyewahi kufungua DSG na kuifunga ikafanya kazi, nunua Auris.