Chungu cha Kunde cha Kusini mwa Marekani

Tarehe 1 Januari, kuanzia Virginia hadi Texas, ni nadra kupita mtaa mzima usinuse kunde zikichemka. Tajiri anazo, maskini anazo, Mweusi anazo, Mzungu anazo. Kunde ni sarafu, mboga za majani zinazopikwa kando ni noti, mkate wa mahindi ni dhahabu. Asiyekula siku hiyo, wanasema, mwaka ukimwendea kombo asimlaumu mtu. Na mboga yenyewe, Mkenya akiketi mezani hapo ataitambua mara moja: ni sukuma wiki.

Kunde ni zao la Afrika. Zilivuka Atlantiki enzi za biashara ya watumwa, pamoja na watu waliokuwa wakizilima na kuzila kwao. Pwani ya South Carolina na Georgia, mashamba ya mpunga yaliwatajirisha mabwana kwa jasho na ujuzi wa watumwa, wengi wao wakitoka Senegambia na Sierra Leone, ambako mpunga ulikuwa kazi ya mababu. Wali na kunde vikaingia chungu kimoja, kama wafanyavyo Waghana hadi leo kwa waakye yao. Chakula hicho kikaitwa Hoppin' John. Mwaka 1847 Sarah Rutledge, bibi wa tabaka la juu wa Charleston, alikiweka katika kitabu chake cha mapishi, The Carolina Housewife: kunde nyekundu, mchele na nyama ya nguruwe. Kitabu kilikuwa chake. Ujuzi ulikuwa wa wengine.

Kunde zenye jicho jeusi ndizo zilizotangaa duniani, ila wenyewe wakati wa kiangazi huzitaka zaidi zile za ganda la zambarau, zikiwa mbichi. Mji mdogo wa Emerson, Arkansas, umekuwa na tamasha la kunde hizo tangu 1990, na humo watu hushindana mbio kwa mashine za kulimia bustani! Kuna pia kunde zinazobanana ndani ya ganda hadi ncha zake zikabapa, na nyeupe ndogo ndogo zinazoitwa kunde za mabibi. Ukipanda milima ya Appalachia, kunde huwapisha maharage ya madoa, yanayoliwa kwa mkate wa mahindi na kitunguu kibichi.

Kumenya ni kazi ya barazani. Beseni mapajani, ndoo ya maganda miguuni, kidole gumba kinapasua ganda kwenye mshono wake na kuzisukuma kunde zidondoke. Wazee husimulia, watoto hutega masikio, na habari za majirani humenywa humo humo. Ndoo ikijaa, kucha za kila mtu zimekuwa za zambarau, na sabuni haizisaidii.

Jikoni, mpishi huanza na nyama. Kifundo cha mguu wa nguruwe, kilichotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi, huchemshwa peke yake saa nzima au zaidi, mpaka maji yageuke rangi na kushika ladha. Ndipo kunde zinapoingia. Mbichi hazikawii kuiva. Kavu huchambuliwa mawe, huku wengine wakiziroweka usiku kucha, na huiva kwa muda kulingana na zilivyokaa ghalani. Kitunguu, pilipili kavu moja, pengine kitunguu saumu, basi. Mtu wa Lamu au Tanga atauliza nazi iko wapi. Haimo. Moto uwe mdogo, maji yatikisike tu, kwani yakitokota kwa fujo kunde hupasuka zikawa uji. Chumvi huja mwisho kwa sababu nyama imeshaleta yake. Kujua kama zimeiva, mpishi huchota kunde moja akaibana kwa ulimi kwenye kaakaa: ikisagika yote, chungu kinaipuliwa.

Nyama hapo ni kiungo, si kitoweo. Kipande kimoja chenye mfupa na ngozi kinatosha kukoleza chungu cha nyumba nzima, na hapo ndipo ninapouona ustadi wa watu waliopika katika ufukara. Kwa hiyo anayemwaga mchuzi amemwaga chakula. Mchuzi huliwa kwa mkate wa mahindi uliookwa katika kikaango cha chuma. Mwaka 1931 Huey Long, gavana wa Louisiana, alibishana na gazeti la Atlanta Constitution kuhusu mchuzi wa aina hiyo, ule wa mboga za majani: mkate uchovywe au uvunjwevunjwe ndani? Long alitaka uchovywe. Magazeti yaliufuata ubishi huo kana kwamba ni vita. Kwangu, uvunjwe, kwani mkate wa kuchovya humwacha mtu na mchuzi bakulini.

Mwaka mpya una uzito wake kwa Wamarekani Weusi. Zamani za utumwa, 1 Januari ilikuwa siku ya kukodishwa na kuuzwa watu, familia zikitenganishwa. Usiku wa 31 Desemba 1862 walikesha makanisani wakisubiri tangazo la uhuru la Rais Lincoln lianze kazi, na mkesha huo unaendelea hadi leo. Wakitoka ibadani, kunde zinawangoja. Wako Wazungu wanaosimulia kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe jeshi la Kaskazini liliziacha kunde likidhani ni chakula cha ng'ombe, ndiyo zikawaokoa na njaa. Naiona hiyo hadithi ya kutungwa baadaye, maana kunde zilikuwa mezani zamani sana kabla ya vita. Mtaalamu wa kilimo George Washington Carver naye, akiwa Tuskegee, Alabama, aliwahimiza wakulima Weusi wazipande ili zirudishe rutuba iliyomalizwa na pamba, akawaandikia na namna za kuzipika.

Katika kisiwa cha Sapelo, Georgia, jamii ya Geechee, vizazi vya watumwa wa pwani hiyo, imerudi kupanda kunde zake nyekundu za asili. Cornelia Walker Bailey, aliyefariki 2017, alizipigania akitumaini kilimo hicho kingewasaidia wenyeji kubaki na ardhi yao, inayonyemelewa na wanunuzi wa nyumba za mapumziko.

Neno moja kwa msomaji atakayealikwa huko na hali nguruwe: uliza mapema, na uliza vizuri. Ukiuliza kama kunde zina nyama, mwenyeji anaweza kukujibu kwa moyo safi kwamba hazina, kwa kuwa kifundo keshakiopoa. Uliza zimechemshwa na nini. Siku hizi wengi hutumia bawa au shingo ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, na mpishi akiarifiwa siku moja kabla atakupikia hivyo.